Jicho la Dereva Mstaafu

4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Ukisikia tu neno "jicho" unaanza kunihesabia matone ya dawa kama mimi ni mgonjwa wa wodini kwako. Hapa kwenye karatasi utanisikiliza hadi mwisho. Na usishangae ukubwa wa herufi, kisa chake kipo hapo chini.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nitolewe mtoto wa jicho la kulia na kuwekewa hiyo lenzi ya bandia. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Robo saa haikufika, na muda wote daktari alikuwa akimsimulia nesi habari za bomba la maji lililopasuka nyumbani kwake. Kesho yake wakatoa bandeji, nikaona. Sikatai, niliona. Ukuta ulikuwa mweupe kweli, si ile rangi ya chai niliyokuwa nikiiona miaka yote hii nikadhani ndivyo kuta zilivyo. Nikasoma kibao kilicho mwisho wa korido. Sasa nikikaa kibarazani naona ufa kwenye ukuta wa jirani, na naona saa mkononi mwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikifunika la kulia nikatazama kwa la kushoto, dunia inarudi kwenye kikombe cha chai.

Lakini siwezi kutunga uzi kwenye sindano.

Unanijua. Tangu utotoni sikuwahi kuona basi mpaka linikaribie, ila tundu la sindano nililileta puani na uzi ukaingia bila kubembelezwa. Ndiyo sababu watu wakaniita Milimita. Hata ukungu ulipoanza kunifunika, kuona karibu nilibaki nako kidogo, nikajikongoja nako. Sasa mmenipa mbali mkaninyang'anya karibu. Nikishika kola mkononi naona kitu cheupe chenye manyoya. Chaki siioni, futikamba siisomi.

Na mwisho wa Aprili mwalimu mkuu wa shule ya wasichana anataka sampuli ya sare. Miaka kumi na tisa sare zile ni zangu. Mwaka huu amemwomba sampuli na Bwana Mtindo pia, yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Hakuniambia kwa nini. Nikizikosa hizo sare, hii cherehani naifanya meza ya kuwekea maua.

Kwa hiyo nataka uwaandikie. Wewe ni mpima macho, mnajuana huko. Waambie wamenikosea lenzi, waitoe waniwekee iliyo yangu. Siwezi kukaa. Nakaa nasimama, nakaa nasimama, mpaka wifi yako ameniuliza kama kiti kina misumari.

Kaka yako,
Milimita asiye na milimita

*

11 Februari

Kaka,

Nimekusikiliza hadi mwisho, na nimeisoma mara mbili, kwa hiyo sasa zamu yangu.

Kwanza, usiinue pasi ile ya chuma, usiiname kutafuta vifungo sakafuni, usilifikiche jicho. Matone mara nne. Haya, nimemaliza unesi.

Pili, nimefurahi, hata kama wewe hujafurahi. Niliposoma kuhusu ukuta mweupe niliondoka mezani nikaenda kusimama dirishani. Huku naona watu wengi wakitolewa bandeji. Wapo wanaocheka. Wapo wanaokasirika. Wiki iliyopita bibi mmoja alijitazama kwenye kioo akaniuliza ni nani kamzeesha. Mwingine alirudi nyumbani akakuta vumbi la miaka mitano juu ya kabati, akagombana na nyumba nzima. Jicho likifunguka haliji na habari njema tu.

Sasa kuhusu lenzi. Lenzi ya bandia haibadili umbo kama ile uliyozaliwa nayo. Inapangwa kwa umbali mmoja: ama mbali, ama karibu. Ukipangiwa mbali, karibu utahitaji miwani. Hilo si kosa, ndivyo zilivyo hizo tunazowawekea watu wengi. Kosa ni kumpangia mbali mtu ambaye maisha yake yote yapo kwenye urefu wa kiwiko. Na hilo kaka linanichoma, kwa sababu tunauliza. Kabla ya kupima jicho tunamuuliza kila mtu: unafanya kazi gani, unasoma, unashona, unataka kuona nini bila miwani? Mimi mwenyewe nauliza hivyo mara thelathini kwa siku.

Je, walikuuliza? Ulijibu nini?

Nimeshamwandikia daktari wako barua, na si ya salamu. Nimeomba nakala ya faili lako. Ndiyo maana nilitaka uje huku kwangu, ukasema safari ni ndefu. Kuitoa lenzi iliyokwisha kukaa si mchezo, usiliwaze hilo. Subiri jicho litulie wiki sita, upimiwe miwani ya karibu. Na jicho la kushoto bado lipo. Tutalizungumza.

Mpe wifi yangu salamu. Mwambie avumilie hicho kiti.

Chiriku

*

19 Februari

Chiriku,

Umeuliza mengi. Nitakujibu siku nyingine.

Nimenunua miwani ya kusomea ile ya tayari, ya mtaani. Inanisaidia kwa dakika kumi, kisha kichwa kinagonga, maana jicho moja linakubaliana nayo na la pili linaikataa. Nikivua miwani nashika njia. Natembea. Asubuhi natembea, baada ya chakula cha mchana natembea, na nitakwambia ninachofanya, ila usimwambie mtu. Natazama migongo ya watu.

Ilianza kituo cha basi. Kulikuwa na mwanamume amesimama upande wa pili, koti jeusi, na kutoka pale nilipokuwa nikauona mpasuo wa nyuma. Naujua mpasuo wangu, namalizia kwa pembe tatu na hakuna fundi mwingine hapa mjini anayefanya hivyo. Ni koti langu. Lakini ule mshono, Chiriku, umepinda kama njia ya mlevi, na uzi ni wa buluu. Koti jeusi, uzi wa buluu, juani, mbele ya watu. Nilimfuata mpaka alipopanda basi.

Tangu siku hiyo siachi. Nimeona gauni langu lenye kwapa moja juu kuliko lingine. Nimeona suruali ya kondakta mstaafu, yule mteja wangu wa siku zote, pindo la mguu wa kushoto likibusu kisigino na la kulia likielea. Mtu huyu alinishukuru, akanishika mkono. Kwa nini hakusema? Miaka miwili ya ukungu huu, hakuna aliyesema.

Na sasa lililo baya zaidi. Si nguo zote mbovu. Nyingine ni nzuri mno. Umbo ni langu, mkato ni wangu, lakini kola imelala vizuri na mapindo yamenyooka, na nilipomsogelea mama mmoja sokoni na miwani yangu puani, nikaona mishono ya mkono imelalia upande usio wangu. Mimi mishono yangu huinamia kulia. Ile imeinamia kushoto. Mkono si wangu.

Nguo imetoka nyumbani kwangu imeshonwa na mtu mwingine. Na wa mkono wa kushoto hapa mtaani namjua mmoja. Kutoka kibarazani nimemwona wazi akishika chaki: Bwana Mtindo. Na nimemwona mke wangu, mara tatu wiki hii, akivuka barabara na kifurushi kuingia kwa Bwana Mtindo, na akitoka anatazama huku na huku.

Mmenipa jicho la kuona mbali. Basi naona.

Kaka yako

*

24 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Sina mazoea ya kuandika, utanisamehe mwandiko. Kaka yako amekwenda kutembea kwake, nina kama saa moja.

Nyumbani hapakaliki. Hanisemeshi ila "chai ipo?" na "pasi iko wapi?" Jana alimsimamisha mwalimu mmoja barabarani akamwomba avue koti. Mwalimu wa watu akadhani anaibiwa. Nimeomba radhi mtaa mzima.

Nitakwambia jambo, na libaki kati yetu. Ni mimi. Miaka miwili sasa, akilala kidogo mchana au akitoka, nakaa pale dirishani penye mwanga, nafumua kwa wembe alichoharibu na kushona upya. Si zote, nisingeweza. Zile za kola na mapindo, zile ambazo mteja angerudi nazo mkononi. Nyingine zilinipita, ndizo hizo anazoziona sasa. Uzi wa rangi yake nauchukua kwa Bwana Mtindo, kwa sababu sandukuni kwetu kaka yako amechanganya buluu na nyeusi na kahawia zote kikapu kimoja, na nikizitenga anauliza nani kagusa.

Unajua kwa nini hakuwahi kunidhania. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu aliniona nimeshika sindano kwa kushoto, akaichukua mkononi mwangu, tena kwa upole, akasema mkono huo utavuruga nguo za watu. Tangu siku hiyo kwenye kazi yake mimi ni mtu wa pasi, wa kupokea wateja na kufunga vifurushi. Kushona nilijifunza kwa macho, nikimtazama yeye, alipokuwa bado yeye.

Sikutaka aaibike. Nilijisemea akishafanyiwa jicho atashona mwenyewe, na mimi nitaacha, wala hatajua. Sasa amepata jicho, na ananitazama kama mwizi.

Usimwambie. Akijua kwamba jina lake la Milimita limeshikiliwa na mkono huu, sijui atafanyaje. Na kitu kingine, wifi. Ulipoandika kwamba umeomba faili, aliisoma barua hiyo akaikunja mara nne akaiweka chini ya godoro. Kuna jambo ndani ya hilo faili. Sijui ni nini. Siku ile aliyopimwa mimi nilikuwa nje napanga foleni ya dawa.

Wifi yako

*

5 Machi

Kaka,

Faili limefika. Liko mbele yangu hapa. Nanukuu ukurasa wa kwanza, mstari wa tano:

"Kazi: dereva mstaafu. Kazi za karibu: hapana. Kusoma: mke humsomea."

Nilicheka mpaka mwenzangu akaja kuchungulia, halafu nikafunga mlango nikalia. Dereva! Wewe ambaye hujawahi kuendesha hata baiskeli ukafika. Nimemwandikia daktari wa watu barua ya kumvua ngozi, na yeye akanijibu kwa adabu akaambatanisha karatasi hii. Imebidi niombe radhi kwa maandishi. Amekupimia sawasawa, amekuwekea sawasawa. Ni lenzi nzuri sana, ya dereva mstaafu.

Kwa nini, kaka? Nieleze tu, sitakupigia kelele.

Ngoja, nami niseme langu, nisije nikajifanya msafi. Lile gauni la kazini ulilonishonea mwaka juzi, mikono haikulingana. Nilikwambia limenikaa vizuri. Nikalipeleka kwa fundi wa huku, akalifumua lote. Mimi, mpima macho, nikaona jicho la kaka yangu linazimika kwenye mshono wa bega langu, nikanyamaza mwaka mzima kabla ya kukwambia nenda hospitali. Niliogopa utakavyoumia. Kwa hiyo wewe umemdanganya daktari, na sisi tumekudanganya wewe.

Kuhusu jicho la kushoto: siku ya kupimwa ni tarehe 2 Aprili, upasuaji tarehe 14. Hili linaweza kupangwa kwa karibu. Jicho moja la mbali, moja la karibu. Wiki za mwanzo yatagombana, halafu ubongo unazoea, kwa watu wengi unazoea. Hutarudi kijana wa miaka ishirini, na uzi mwembamba sana bado utataka miwani na mwanga mzuri. Lakini utashona. Ila lazima useme ukweli pale kwenye dirisha la kuandikishia hospitali. Hakuna mashine inayopima kazi ya mtu. Tunategemea mdomo wake.

Na kuhusu mkono wa kushoto unaoutafuta mitaani: kabla hujamtuhumu mtu, tuliza miguu. Hilo si langu kulisema. Ila nakuomba, kwa heshima ya mama yetu, usimwambie wifi yangu neno ambalo hutaweza kulirudisha.

Chiriku

*

16 Machi

Mdogo wangu,

Umeuliza kwa nini.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo kinyozi. Yule karani wa dirishani, msichana mwenye sauti ya kengele, akamuuliza kazi, akajibu kinyozi. Akasema, "Kinyozi na macho haya? Wateja wako bado wana masikio?" Korido nzima ikacheka, na kinyozi mwenyewe akacheka, lakini niliona shingo yake ilivyoinama. Zamu yangu ilipofika ulimi ukaenda wenyewe. Nilisema dereva kwa sababu ndilo lililonijia, na nikaongeza mstaafu ili wasinicheke na mimi. Mbele ya daktari nikaona aibu kubadilisha. Akaniuliza kuhusu kazi za karibu, nikasema sina. Nilijua nasema uongo, ila sikujua naagiza nao lenzi. Nilidhani jicho ni jicho.

Hayo ndiyo ya faili. Sasa sikia ya juzi.

Asubuhi nilijaribu kola ya sampuli na ile miwani. Nikaona imekuwa kola, nikaiacha mezani. Mchana nikatoka kama kawaida, lakini sikwenda mbali. Nilizunguka nyuma nikaingia kwa Bwana Mtindo. Nilisema leo namsubiri mke wangu humo humo, aje na kifurushi chake anikute. Bwana Mtindo akanikaribisha kiti, nikakataa. Nikamuuliza anashona nini cha kwangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Akasema, "Fundi, mkeo huja kuchukua uzi. Huleta kipande cha kitambaa, analinganisha rangi, anaondoka. Sijawahi kushika nguo yako."

Nikageukia mlango, na pale mlangoni nikaona dirisha langu.

Ni hatua arobaini, Chiriku. Zamani ningeona kitu cha mraba chenye giza. Niliona kila kitu. Niliona mke wangu amekaa kwenye kiti changu, kola yangu ya asubuhi mapajani, wembe kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa anafumua. Hakuwa na haraka. Akatoa uzi wangu wote, akaukusanya kwa kidole akauviringa kama anavyoviringa nywele zilizobaki kwenye kitana. Halafu akashona. Akaukata uzi kwa meno. Akainua ile kola kwenye mwanga, akaigeuza, akatabasamu peke yake.

Tabasamu lile mimi silijui. Miaka thelathini na moja, sikuwahi kuliona. Ni la mtu aliyeifanya kazi ikakubali. Mimi nilikuwa nalo zamani.

Bwana Mtindo alisimama nyuma yangu, akaona ninachoona, akarudi kwenye cherehani yake bila neno. Sikutegemea adabu hiyo kutoka kwake.

Sikuingia nyumbani. Nilitembea mpaka soko likafungwa. Niliporudi kola ilikuwa mezani pale pale nilipoiacha, imekunjwa kama nilivyoikunja, na mke wangu anapiga pasi. Akauliza, "Umetembea vizuri?" Nikasema vizuri.

Basi hili la kushoto liache. Libaki na ukungu wake. Nimeona vya kunitosha, na nikiona zaidi sijui nitauweka wapi uso wangu. Sampuli nitamwambia mwalimu mkuu ampe Bwana Mtindo. Mimi ni dereva mstaafu.

Kaka yako

*

22 Machi

Kaka,

Hii ni fupi, nina watu ishirini na sita nje.

Jicho la kushoto haliachwi. Huyo mtoto wa jicho ameiva, akizidi anakuwa mgumu na upasuaji wake unakuwa mbaya. Hilo ni la hospitali, halina mjadala.

Lingine ni la nyumbani. Unasema hujui utauweka wapi uso wako. Uweke mbele ya mkeo. Yeye anaogopa utaaibika, na wewe unaona aibu, na mmekaa chumba kimoja kila mtu akimfichia mwenzake kitu kile kile. Amekufumulia miaka miwili bila kukupunguzia heshima hata kwa jicho. Umlipe kwa kumpa Bwana Mtindo kola yake?

Daktari wako ameniandikia tena. Anasema alipokushika mkono mezani alihisi sugu kwenye kidole gumba, akajiuliza dereva gani ana sugu ya mkasi. Hakuuliza. Anajilaumu. Safari hii atauliza mwenyewe, lakini nataka useme kabla hujaulizwa.

Tarehe 2. Nenda naye, na asikae nje.

Chiriku

*

3 Aprili

Wifi yangu,

Sijui wewe umemwandikia nini kaka yako, ila nakusimulia ya jana kama yalivyokuwa.

Aliniambia nivae, tunakwenda wote, na kwamba foleni ya dawa tutapanga baadaye. Miguu yake ilikuwa inagonga sakafu ya basi safari nzima. Pale hospitali korido ilikuwa imejaa, labda watu arobaini, mabenchi hayatoshi. Tukafika dirishani, yule binti mwenye sauti kubwa akafungua faili.

"Kazi?"

"Fundi cherehani," kaka yako akasema.

Binti akatazama karatasi. "Hapa pameandikwa dereva mstaafu."

"Huyo alikuwa mwongo. Mfute."

Watu wakacheka. Wifi, namjua mume wangu, nikajua sasa anageuka anaondoka. Akabaki. Akashika ukingo wa lile dirisha kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo benchi la mwisho lilisikia: "Na uandike pia kwamba miaka miwili nimeharibu nguo za watu, na aliyezifumua na kuzishona upya ni mke wangu, huyu hapa, kwa mkono wa kushoto. Mimi nilimkataza kushika sindano. Kwa hiyo hili la pili nataka la karibu. Nataka niione mishono yake."

Hakuna aliyecheka tena. Binti akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Mzee, nafasi ya kuandika ni fupi." Akajibu, "Basi andika fundi cherehani. Hayo mengine ameshayasikia aliyepaswa kuyasikia."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Sikuweza kuinua uso, na machozi yalikuwa yananidondokea kwenye mkoba. Mama mmoja nisiyemjua akanisogezea nafasi kwenye benchi, akanishika mkono wa kushoto, akauweka mapajani mwake mpaka tulipoitwa. Siri niliyoibeba miaka miwili nikiogopa itamvunja, ameitua mwenyewe mbele ya watu, na hakuvunjika. Kwa kweli nilikasirika kidogo. Ningeweza kupumzika zamani.

Wamepima. Daktari ametumia rula, akamwambia anyanyue mikono kama anashona, akapima kutoka jichoni hadi kidoleni. Sentimita thelathini na nane. Kaka yako akasema, "Thelathini na nane na nusu." Wakabishana. Basi nikajua yuko mzima.

Tuombee tarehe 14.

Wifi yako

*

6 Mei

Chiriku,

Wiki tatu zimepita. Nimerudisha mwandiko wangu mdogo, utaona, na nimeandika bila miwani.

Macho bado yanagombana. Kwenye ngazi mguu hautui mahali ninapoupeleka, na taa za magari jioni zina miduara. Uzi wa kutarizi siupati bila miwani. Ulinionya yote hayo, na bado nimekasirika, lakini kwa kiasi. La kulia linanionyesha barabara, la kushoto linanionyesha sindano. Nikiwa mezani silihisi tena la kulia, limekaa tu kama mgeni mwenye adabu.

Kitu cha kwanza nilichokitazama si kioo. Nililetewa lile koti nililovaa kwenye harusi ya binti yetu mwaka jana, koti nililolishona mwenyewe nikajisifia ukumbi mzima. Nikageuza bitana. Mishono yote imeinamia kushoto, kutoka kola hadi pindo, midogo, imelingana. Yaani usiku ule nilisimama nikapigiwa makofi kwa kazi ya mtu aliyekuwa amekaa pembeni yangu ameshika mkoba. Nililia, dawa yote ikatoka jichoni, wifi yako akanigombeza, akaniwekea upya.

Sampuli tulipeleka tarehe 29. Kola yake, mkato wangu. Mwalimu mkuu aliigeuza ndani nje, akakwaruza matundu ya vifungo kwa ukucha, akauliza nani kayashona. Nikamwonyesha wifi yako. Akasema mwaka jana zilimpitia sare mbili zenye kola mbovu kati ya themanini, akashangaa, maana sabini na nane zilikuwa bora kuliko za miaka yote. Hizo mbili ndizo zilizomfanya amwite Bwana Mtindo. Alhamisi ametuletea vipimo vya wasichana.

Tumehamisha meza. Sasa iko katikati ya dirisha, mimi upande huu, yeye upande ule, taa na kikapu cha uzi kati yetu, buluu mbali na nyeusi. Kutembea nimepunguza. Jana alichukua mkono wa shati nilioumaliza, akautazama, akaurudisha mbele yangu. "Fumua," akasema. Nikatazama. Alikuwa sahihi. Nikafumua.

Ndani ya kifurushi hiki kuna gauni la kazini, kwa vipimo vyako vya zamani, na kama umenenepa shauri yako. Mkono wa kulia nimeshona mimi, wa kushoto ameshona yeye. Livae, lipime mbele ya kioo. Kama mikono hailingani, mara hii useme.

Kaka yako,
Milimita